Kusoma na kunukuu ripoti za kesi za Uingereza

Tazama mabano kwanza. Katika Donoghue v Stevenson [1932] AC 562, mabano ya mraba yana maana kwamba juzuu hutambulika kwa mwaka. Ukiuacha, hutajua ni AC ipi ya kuchukua rafuni. AC ni mfululizo wa kesi za rufaa, na 562 ni ukurasa ambapo kesi inaanzia. Mwaka ukiwa na juzuu zaidi ya moja, namba ya juzuu hufuata mabano: Carlill v Carbolic Smoke Ball Co [1893] 1 QB 256, ambapo QB ni mfululizo wa Queen's Bench.

Hadley v Baxendale (1854) 9 Exch 341 ina mabano ya duara kwa sababu juzuu za Exch, yaani ripoti za mahakama ya Exchequer, zimehesabiwa mfululizo. Hiyo 9 inatosha kukufikisha. Mwaka unakuonyesha tu umri wa hukumu. Kuchanganya mabano haya ndiko kunakowapoteza wengi maktabani.

Tangu 2001 mahakama zilianza kuzipa hukumu namba zake zenyewe, zisizotegemea mchapishaji. Namba hiyo hutangulia, ripoti hufuata: R (Miller) v Prime Minister [2019] UKSC 41, [2020] AC 373, ambapo UKSC ni Mahakama ya Juu ya Uingereza. Miaka hailingani, na si kosa: hukumu ni ya 2019, juzuu ni ya 2020. Usiisahihishe.

Kesi moja inaweza kuchapishwa mara nne, lakini mahakama za Uingereza na Wales hazikuachii uchague upendavyo. Mwongozo wa 2012 unataka kwanza Law Reports, yaani AC, QB, Ch (Chancery) na Fam (Family), kwa kuwa ndani yake mna hoja za mawakili na ripoti hupitiwa na majaji kabla ya kuchapwa. Ikikosekana humo, tumia WLR (Weekly Law Reports) au All ER (All England Law Reports), kisha ripoti za fani maalumu. Nakala tupu ya hukumu huja mwisho. (QB iligeuka KB, yaani King's Bench, baada ya mfalme kurithi kiti cha enzi mwaka 2022; kesi za zamani hubaki na QB yao.)

Kwa OSCOLA, mtindo wa Chuo Kikuu cha Oxford wa kunukuu vyanzo vya sheria, jina la kesi huandikwa kwa italiki na vifupisho havina nukta. Unapotaja sehemu mahususi, weka namba ya aya ndani ya mabano ya mraba, mfano [50]. Hukumu isiyo na aya zenye namba, taja ukurasa: 562, 580. Na muhtasari ulio juu ya ripoti usiunukuu kamwe kama maneno ya jaji, maana umeandikwa na mwandishi wa ripoti.