Kukaza cheni ya pikipiki na kunyoosha gurudumu la nyuma ukiwa nyumbani

Cheni iliyokazwa kupita kiasi huharibu vitu vingi kuliko cheni iliyolegea kidogo. Iliyolegea hugonga kava na kurukaruka kwenye meno ya sproketi (magurudumu ya meno yanayobeba cheni), na ikiachwa muda mrefu yaweza kuchomoka na kukwamisha gurudumu, ila hujitangaza mapema kwa kelele. Iliyokazwa mno hula taratibu beringi ya shafti ya gia, beringi za gurudumu na sproketi zote mbili, na mwenye chombo mara nyingi hushtuka oili ikishaanza kuvuja karibu na sproketi ndogo, ile ya kwenye injini.

Sababu iko kwenye uma wa nyuma, yaani ile mikono miwili inayoshika gurudumu. Boliti ambayo uma huo huchezea haiko mahali pamoja na sproketi ndogo, bali iko nyuma yake kidogo, kwa hiyo kila shokapu zinapobonyea, umbali kati ya sproketi ndogo na ekseli, yaani chuma kinachopita katikati ya gurudumu, hubadilika. Umbali huo huwa mkubwa kabisa pale sproketi, boliti na ekseli vinapokaa kwenye mstari mmoja, na hali hiyo hutokea pikipiki ikiwa na mzigo. Cheni unayoiona imekaa vizuri kwenye stendi bila mchezo, yaani ulegevu, wowote itakuwa imevutika kama waya mara tu utakapopakia abiria na gunia la mahindi.

Kabla ya kushika spana, zima injini, chomoa ufunguo na uweke gia huru. Usizungushe gurudumu kwa nguvu ya injini hata kwa sekunde moja, kwa sababu cheni inayotembea hukata kidole kabla hujapata nafasi ya kukivuta. Safisha cheni kwa brashi na mafuta ya taa, uikaushe kwa kitambaa, maana vumbi lililogandamana na grisi hukupa kipimo cha uongo.

Sasa pima. Shika cheni ya chini katikati ya sproketi mbili, isukume juu kisha ivute chini, na usome kwa rula umbali wote iliosafiri. Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinazobeba abiria, kipimo huwa kati ya milimita 20 na 30, lakini kijitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho, pamoja na kukueleza kama upime ikiwa kwenye stendi kubwa au ya pembeni. Usipime mara moja ukaridhika. Zungusha gurudumu kidogo kidogo kwa mkono na upime tena, kwa kuwa cheni haichakai sawasawa. Pana sehemu itakayokaza kuliko nyingine, na hiyo ndiyo unayopaswa kuitumia. Ukirekebisha kwa kufuata sehemu iliyolegea, ile ngumu itakuwa imekaza mno.

Ondoa pini ya nati ya ekseli kama ipo, kisha legeza nati hiyo kiasi cha kuruhusu ekseli isogee, bila kuifungua yote. Baadhi ya pikipiki zina nati ya pili, kubwa zaidi, upande wa sproketi, na isipolegezwa upande huo hautasogea ipasavyo. Legeza pia nati ya fito inayozuia bamba la breki lisizunguke. Ndipo uzilegeze nati za kufungia kwenye boliti za kurekebishia, kushoto na kulia, na uzungushe kila upande robo mzunguko kwa zamu. Milimita chache za ekseli hubadilisha mchezo wa cheni kwa kiasi kikubwa, hivyo pima baada ya kila mzunguko mdogo.

Kunyoosha gurudumu ndiko kunakostahili subira zaidi. Alama zilizochongwa kwenye uma husaidia, ila katika pikipiki iliyowahi kuanguka, au ambayo uma wake umewahi kuchomelewa, zinaweza kudanganya. Kipimo cha kuaminika zaidi ni umbali kutoka katikati ya boliti ya uma hadi katikati ya ekseli, ukipimwa kwa tepu pande zote mbili. Namba hizo zilingane. Kisha, ikiwa kava linafunguka, chuchumaa nyuma ya gurudumu na uitazame cheni ya juu kwa jicho moja: inapaswa kutoka kwenye sproketi kubwa imenyooka, bila kupinda kuelekea upande wowote. Meno yaliyolika upande mmoja tu ni ushahidi kwamba gurudumu limekaa kombo kwa muda.

Wakati wa kukaza nati ya ekseli, kanyaga breki ili bamba lake likae katikati, na uhakikishe ekseli imegusa boliti zote mbili za kurekebishia. Pima mchezo tena baada ya kukaza, kwani mara nyingi hupungua. Kaza nati za kufungia na ile ya fito ya breki, kisha weka pini mpya, kwa sababu ya zamani ikikunjwa mara ya pili huvunjika. Gurudumu likirudi nyuma huivuta pia fimbo ya breki, hivyo rekebisha nati yake na uzungushe gurudumu kuhakikisha breki haikwaruzi na taa ya breki haibaki ikiwaka.

Ipo cheni ambayo hakuna boliti itakayoiponya. Kwa cheni namba 428, vipande 20 vikiwa vipya vina urefu wa milimita 254. Vikifikia takriban 259 huku cheni imevutwa, inunue mpya pamoja na sproketi zote mbili, kwa maana meno yaliyochakaa huila cheni mpya haraka. Klipu ya kiungo, kama ipo, ikae upande wake uliozibwa ukielekea kule cheni inakoenda. Paka oili nzito ya gia upande wa ndani wa cheni ya chini, wala si oili chafu ya injini, ambayo hubeba chembe za chuma. Endesha polepole kilomita chache, kisha rudi ukague nati zote na upime mchezo wa cheni mara nyingine.