Kufunga spika za sinema sebuleni, na waya mmoja uliotulaza na njaa

Jumamosi iliyopita nilikwenda Tabata kwa dada yangu kumfungia shemeji spika zake. Nilifika saa saba mchana, nikaahidi kumaliza kabla ya mechi ya jioni. Nilitoka saa nne usiku. Naandika hatua zote, ila utaona moja imejaa maneno kuliko nyingine. Hiyo ndiyo iliyonila siku.

Hatua ya 1: Kununua

Madukani "sabufa" ni jina la redio nzima pamoja na vispika vyake. Hapa nikisema sabufa nina maana ya lile boksi la besi peke yake. Unatafuta 5.1, yaani spika tano na sabufa moja.

Wati zilizoandikwa mbele ya boksi usizisome. "PMPO 12000" ni mapambo. Geuza mashine usome kibati cha nyuma kinachosema inakula wati ngapi. Kama inakula 80, hizo elfu kumi na mbili inazitoa wapi? Neno la kutafuta ni RMS, yaani wati za kweli ambazo mashine inazitoa mfululizo.

Pesa ikiwa haba, usiibanie spika ya kati, kwa sababu ndiyo inayobeba karibu mazungumzo yote ya filamu. Mtu akilalamika kwamba mabomu anayasikia ila maneno hayasikii, tatizo huwa hapo mara nyingi. Mimi binafsi ningenunua risiva (mashine inayopokea sauti na kuziendesha spika) ya mtumba na spika tatu nzuri za mbele, za nyuma zije mwezi ujao, kuliko seti mpya yenye plagi za aina yake. Siku mashine ya seti ikifa, spika zake hazichomeki kwingine. Angalia pia ohm (kipimo cha ukinzani wa umeme) nyuma ya spika: zisiwe chini ya zile risiva inazotaka, la sivyo mashine itachemka.

Hatua ya 2: Waya

Waya wa umeme wa shaba, milimita 1.5 za mraba, unatosha sebule ya kawaida. Kwangua kidogo kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyovikwa shaba kwa juu tu.

Hatua ya 3: Kupanga

Chukua kamba. Pima kutoka unapokaa hadi spika ya kushoto, kisha ya kulia, kisha kati ya spika hizo mbili. Urefu uwe mmoja mara zote tatu. Ya kati ikae chini ya TV, uso wake uinuliwe kidogo kuelekea masikio. Kipande cha kadibodi kinatosha. Za nyuma ziwe ubavuni mwa kochi, nyuma kidogo ya masikio na juu yake. Sebule yenye vigae vitupu na madirisha bila pazia italia mwangwi hata kwa spika za milioni, kwa hiyo tandika zulia kwanza.

Hatua ya 4: Nyekundu kwa nyekundu

Tundu nyekundu la risiva huenda kwa nyekundu la spika, nyeusi kwa nyeusi, na ndivyo nilivyofunga. Tulipowasha, kila spika ilitoa sauti. Huo ndio mtego. Wimbo ulikuwa kama umetobolewa katikati: mwimbaji hujui amesimama wapi, besi nyembamba kama ya simu. Shemeji akapandisha sabufa mpaka silingi bodi ikaanza kutetemeka. Nikalaumu risiva, nikasogeza spika mara tatu, dada akaacha kutuita mezani. "Shemeji, nimeuziwa mbovu, sema tu," shemeji akaniambia.

Mwisho nikaziacha ziimbe moja moja. Ya kulia ilikuwa safi, na ya kushoto safi. Zikiimba pamoja, besi inakufa. Hapo nikajua moja imegeuzwa: koni yake (ule uso wa spika unaocheza) inarudi nyuma wakati ya mwenzake inakwenda mbele, na mawimbi yanafutana.

Lakini nyekundu niliweka kwa nyekundu pande zote! Kumbe juu ya dari fundi aliyetangulia aliunga waya mbili nyeupe tupu, akaziunga msalaba.

Usipande darini kabla ya kupima. Zima risiva, kisha chomoa kwake ncha zote mbili za waya wa spika. Ukisahau hili unaweza kuiua mashine. Vua kitambaa cha spika. Chukua betri moja ya rimoti, ya volti 1.5, ncha chanya uiguse kwenye waya unaoamini ni wa nyekundu na hasi kwenye wa nyeusi. Gusa na kuachia papo hapo. Utasikia "tap". Koni ikiruka nje, waya uko sawa. Ikiingia ndani, umegeuka. Mpwa wangu wa darasa la nne alikaa mbele ya spika na tochi ya simu, na ndiye aliyepiga kelele, "Mjomba, imerudi ndani!"

Betri ya pikipiki usiijaribu. Twita (kispika kidogo cha sauti nyembamba) iliyofungwa peke yake usiiguse kabisa. Kwenye boksi lenye twita na wufa (ile kubwa ya sauti nzito) tazama wufa tu. Koni ikicheza kidogo mno, mulika kwa ubavu. Na zikiingia ndani zote tano usihangaike, muhimu zifanane. Sabufa yenye plagi yake ya umeme haipimwi hivi: ina swichi ya 0 na 180, sikiliza ipi inaongeza besi ukiwa kwenye kochi. Waya ukiwa na mstari ubavuni, amua mstari ni chanya na usibadili mawazo nyumba nzima. Ukimaliza, nyuzi za shaba zisichomoze zikagusana.

Hatua ya 5: TV

Waya wa HDMI kati ya TV na risiva uchomekwe kwenye tundu lililoandikwa ARC pande zote mbili. Kwenye mipangilio ya sauti ya TV, ikisema PCM, risiva itapokea chaneli mbili tu na za nyuma zitalala. Weka Bitstream, ili TV ipitishe sauti kama ilivyo. Vipindi vingi vya king'amuzi vimetengenezwa kwa chaneli mbili, kwa hiyo jaribu kwa filamu yenye 5.1 kabla hujaanza kuchomoa waya.

Hatua ya 6: Risiva na sabufa

Kwenye mipangilio ya risiva, ingiza umbali wa kila spika kutoka unapokaa, uliopimwa kwa tepu, si kwa macho. Spika ziandikwe ndogo, mpaka wa besi (chini yake sauti inakwenda kwa sabufa) uwe 80 Hz. Kisha weka sabufa juu ya kochi unapokaa, piga wimbo wa besi nzito, utambae kwa magoti kando ya ukuta. Besi inapojaa bila kuvuma, hapo ndipo pake. Shemeji alicheka sana, kisha naye akatambaa.

Betri irudishwe kwenye rimoti. Sisi tuliitafuta nusu saa, iko mfukoni mwa mpwa.