Somo: Kununua gari la 4x4 lililotumika na kuliandaa kwa safari za porini

Kila wiki naulizwa maswali yaleyale matatu: ninunue gari gani, niliinue kiasi gani, na nifunge matairi ya ukubwa gani. Nimeamua kuyajibu mara moja hapa, ili kuanzia leo muulizaji nimwelekeze kwenye somo hili nikaendelee na shughuli zangu. Anayetaka kubishana anakaribishwa, ila asome kwanza hadi mwisho.

Hatua ya 1: Amua utakwenda wapi na utabeba nini. Andika uzito wa kila kitu kwenye karatasi, kwa maana lita 60 za maji ni kilo 60 hata kabla hujapakia hema, jeki wala abiria.

Hatua ya 2: Kagua chesisi kabla ya injini. Injini mbovu hutengenezwa au hubadilishwa, lakini chesisi iliyooza ndiyo mwisho wa gari, hata kama muuzaji amelipamba kwa taa, bampa la chuma na kichanja cha juu. Lala chini ya gari ukiwa na tochi na nyundo ndogo, ugonge mihimili yote miwili taratibu kutoka mbele hadi nyuma, ukikaza uangalifu pale springi zinapofungwa na kwenye mifuko ambamo tope hutuama. Chuma kizima hulia. Kilichooza huitika kwa sauti bubu, na maganda ya kutu hukudondokea usoni. Rangi mpya nyeusi chini ya gari la miaka 20 si sifa, ni swali.

Hatua ya 3: Washa injini ikiwa baridi. Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, na ukifika shika boneti kwanza. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto huashiria maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, ukiweke juu ya tundu lake bila kukikaza: kikirushwa, ringi za pistoni zimechoka.

Hatua ya 4: Jaribu 4H na 4L, yaani gia za kuendesha magurudumu yote manne kwa mwendo wa kawaida (4H) na kwa mwendo wa polepole wenye nguvu (4L), kwenye udongo, si kwenye lami. Magari mengi ya zamani hayana difu ya katikati, yaani seti ya gia inayoziacha ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa mwendo tofauti, na gari linapokata kona magurudumu ya mbele husafiri umbali mrefu kuliko ya nyuma. Udongo huyaruhusu kuteleza kidogo, lakini lami huyang'ang'ania, na mvutano wote huishia kwenye transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, na kwenye propela, shafti zinazoipeleka nguvu hiyo kwenye ekseli.

Hatua ya 5: Ukishanunua, badilisha oili zote: ya injini, ya gia boksi, ya transfa na za difu zote mbili, ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Usiamini neno la mtu kwamba zilibadilishwa juzi.

Hatua ya 6: Weka matairi mazuri kabla ya pambo lolote. Tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ubavuni mwa tairi huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la zamani hupasuka hata likiwa halijalika. Ukipanda kutoka inchi 31 hadi 33, kumbuka kwamba spidomita ikisoma 100 wewe uko kwenye 106 hivi, na gari litakuwa zito kuondoka kana kwamba gia zote zimerefushwa.

Hatua ya 7: Kuinua gari. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu. Gari langu la kwanza lilikuwa na ekseli ngumu mbele na nyuma, nami nikaliinua sentimita 10 kwa springi ndefu na shokapu ndefu, nikaacha vingine vyote kama vilivyotoka kiwandani. Dalili ya kwanza ilikuwa stelingi, ambayo haikurudi yenyewe baada ya kona na ililazimu kurudishwa kwa mkono. Gari likiinuliwa, mikono inayoshika ekseli ya mbele huinama na kuizungusha ekseli kidogo, na ile pembe inayoyafanya magurudumu yajinyooshe, ambayo mafundi huiita kasta, hupungua. Niliipuuza. Safari ya tatu, nikiteremka ngazi ya mawe, gurudumu moja la nyuma lilibaki hewani, na shokapu ile mpya ikaliruhusu kushuka kupita urefu wa hosi ya breki. Nilisikia mlio mdogo kama wa uzi unaokatika, kisha pedali ikazama karibu na sakafu. Gari lilishikwa na gia ya kwanza ya 4L na mabaki ya breki za mbele. Niliposhuka nilikuta hosi imeng'oka kwenye kiungo chake na oili ya breki imechora mstari juu ya jiwe.

Kwa hiyo, kabla ya kuliendesha gari lililoinuliwa, lipige jeki kwenye chesisi mpaka magurudumu yote yaning'inie, kisha zungusha stelingi hadi mwisho kulia na kushoto huku mtu akitazama kila hosi, kila waya na kila paipu. Palipokaza, refusha. Rekebisha kasta kwa bushi maalumu au mikono mipya, halafu pima alaimenti. Propela ikianza kutetema usiseme utaizoea, kwa sababu pembe zake zimeharibika na krosi, viungo vya ncha zake, zitakufa. Mimi sasa siinui zaidi ya sentimita 5. Na jambo ambalo wauzaji wa vifaa hawalisemi: kwenye gari la ekseli ngumu springi ndefu huinua bodi peke yake, difu inabaki palepale ilipokuwa. Difu huinuliwa na tairi, tena kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka; inchi mbili za tairi hukupa inchi moja chini ya difu.

Hatua ya 8: Beba vifaa vya kunasua gari: koleo, mkanda unaonyumbuka, pingu za chuma za kuunganishia mkanda (shackle) zilizoandikwa uwezo wake, na pampu ya upepo. Usifunge mkanda kamwe kwenye kichwa cha kuvutia trela, kwa kuwa kikikatika huruka kama risasi, na watu wamekufa kwa namna hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Dereva Mgeni: Asante kwa somo, mkuu. Nimepata gari safi sana, chini limepigwa rangi nyeusi mpya hadi linang'aa. Nilinunue?

Mwandishi: Hatua ya 2. Isome tena ukiwa na nyundo mkononi.

Dereva Mgeni: Muuzaji amekataa nisigonge.

Mwandishi: Basi ameshakujibu.

Mzee wa Tope: Mimi nimeinua sentimita 15, huu mwaka wa nne, na sijaona tatizo lolote. Unawatisha watu bure.

Mwandishi: Sijaandika popote kwamba haiwezekani. Je, ulibadilisha hosi, mikono na propela?

Mzee wa Tope: Vyote, bila shaka.

Mwandishi: Basi ulifanya nilichoandika, ukaongeza sentimita ambazo mimi sizihitaji. Ungelianza na hilo, kwa sababu anayesoma maneno yako ya mwanzo bila kulijua ataishia palepale nilipoishia mimi.

Spana 17: Ndugu mwandishi, nilipofungua difu ya nyuma kufuata hatua ya 5, oili ilitoka na rangi ya maziwa. Sili zinaonekana nzima na sijavuka maji yaliyozidi nusu ya gurudumu. Maji yameingilia wapi?

Mwandishi: Swali zuri, na nashukuru kwamba ulifungua kweli. Difu ikitembea hupata moto, na hewa iliyomo hupanuka na kutoka kupitia kipumulio kilicho juu ya ekseli. Ukiiingiza ghafla kwenye maji baridi, hewa ile husinyaa na difu huvuta pumzi. Kama kipumulio kimezibwa na tope, itavuta kupitia mdomo wa sili, hata ikiwa sili ni nzima. Kama kiko wazi lakini kimezama, itakunywa maji moja kwa moja. Safisha kipumulio, ukiunganishe na paipu ndefu inayopanda hadi mahali pa juu ndani ya bodi, na ufanye hivyohivyo kwa difu ya mbele, gia boksi na transfa. Badilisha oili sasa, endesha kidogo, kisha uimwage tena, kwa sababu mara moja haitoi maji yote.

Spana 17: Nimeelewa. Kumbe hata kusimama dakika chache kabla ya kuvuka mto kunasaidia?

Mwandishi: Kunasaidia, na dakika hizo uzitumie kushuka na kuutazama mto.

Bibi Safari: Na upepo wa kwenye mchanga ni kiasi gani? Kaka zangu kila mmoja ana namba yake.

Mwandishi: Dada, kama barabarani unatumia psi 35 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), anza na 18 kwenye mchanga laini. Gari likizidi kuzama, shuka hadi 15 na uendeshe bila kukata kona kwa ghafla, kwa sababu tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Ukirudi barabarani jaza kwanza, ndipo uongeze mwendo.

Bibi Safari: Asante. Nami niongeze moja: bebeni kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki, maana mchangani jeki huzama yenyewe badala ya kuinua gari.

Mzee wa Tope: Hapo nakubaliana nawe. Na mkipake rangi ya kung'aa. Mimi nimeshasahau viwili porini.