Limbo: vile utapita buibui na yule mnyoo wa kichwa

Limbo ni gemu ya Playdead ya Denmark, ilitoka 2010, na haina neno hata moja kwa hivyo usingoje mtu akwambie ufanye nini. Kwa laptopu mishale ni ya kutembea na kuruka, Ctrl ni ya kushika vitu, basi. Vaa iafoni hata kama unacheza kwa simu ndani ya matatu ya Rongai na muziki unapasua masikio, sababu sauti husaidia sana.

Sasa buibui. Usijaribu kupitia chini yake, atakudunga tu. Rudi nyuma utapata mtego wa chuma umeanguka kutoka kwa mti, uvute polepole mpaka karibu na yeye (na usiukanyage wewe, utakatwa kichwa), akishusha mguu ananaswa. Rudia tu hivyo hivyo.

Mnyoo ukikuangukia kichwani huwezi kugeuka, unatembezwa upande mmoja. Usipigane nao. Mwangaza ndio huugeuza, kwa hivyo kama kuna boksi la kusukuma lisukume mapema, halafu tafuta vidudu vinaning'inia juu, hivyo ndivyo vinaula. Ukifa usistuke, unarudishwa hapo karibu tu.