Mnyime Panya Chakula Kabla ya Kumtega

Ukiokota dafu lililoanguka chini ya mnazi, ligeuze ulitazame karibu na kikonyo. Tundu la mviringo lenye alama za meno pembeni ni kazi ya panya mweusi wa darini, yule mwenye masikio makubwa na mkia mrefu kuliko mwili. Huitoboa nazi ingali changa, akanywa maji na kula nyama laini. Lawama humwangukia kima.

Panya huyu ni mgeni. Asili yake ni Bara Hindi, na katika bahari yetu alisafiri pamoja na shehena za majahazi. Hachagui chakula: mbegu ya mahindi uliyopanda jana, matunda, konokono, wadudu, hata mayai ya ndege. Kwa mkulima wa Gede au Jilore anayepakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, hilo si la shambani tu. Sange mwenye makalio ya manjano, mnyama mdogo mwenye pua ndefu asiyepatikana popote nje ya pwani ya Kenya, huishi kwa wadudu, buibui na minyoo anaowafukua kwenye majani makavu. Panya akiingia humo, wadudu wakimwishia ana mbegu, na mbegu zikimwishia ana jiko lako. Sange hana pa kukimbilia. Huko Madagaska panya huyuhuyu ameshatoka majumbani akazama misituni, anakula mbegu na matunda sahani moja na panya wa asili wasiopatikana kwingine duniani.

Kwa hiyo anza na chakula na malazi. Ondoa malundo ya makumbi na makuti makuukuu chini ya minazi, maana humo ndimo anamozalia, na mimba yake ni ya wiki 3 tu. Mahindi yakae kwenye uchaga ulioinuliwa mita 1 hivi, kila mguu ukiwa na koni ya bati. Mnazi nao uusafishe kileleni, kisha zungushia shina bati lenye upana wa sentimita 40 hivi, mita 2 kutoka chini. Ila kama makuti yanashikana na ya mnazi wa pili, au mwembe umeuegemea, panya atapita juu kwa juu na bati litakuwa pambo. Mnazi wa mgema, unaopandwa kila siku, haufai kufungwa bati. Huo utege kileleni, chambo kikiwa kipande cha nazi iliyochomwa.

Mitego mingine iweke ndani na ghalani, si ukingoni mwa msitu. Kule utanasa wasio na kosa, panya buku akiwemo, ambaye ni mwenyeji wa Afrika. Sumu mimi siishauri karibu na msitu: bundi akila panya aliyekula sumu, umempoteza mwindaji wa bure, ingawa najua wako wanaompiga mawe wakidhani ni mkosi. Paka ni wa ghalani. Akizoea msituni atakuletea sange mlangoni.

Kagua mitego alfajiri. Panya aliyekufa mshike kwa mfuko wa nailoni, usimguse kwa mkono mtupu, kisha mfukie mbali na kisima.