Kufunga kontrola ya breki za trela kwenye gari la familia

Trela ikiwa na breki za umeme, gari haliwezi kuzikamata mpaka ufunge kontrola. Ni kisanduku kidogo chini ya dashibodi: ukikanyaga breki, chenyewe kinapeleka umeme kwenye sumaku zilizo ndani ya magurudumu ya trela. Majimbo mengi ya Marekani yanataka trela iwe na breki zake ikizidi paundi 3,000. Yangu ya kambi ni paundi 3,500, ekseli moja, naivuta na Toyota Highlander ya 2015 yenye injini ya V6.

Mara ya kwanza nilimlipa fundi anifungie, hapa Columbus, Ohio. Miezi minane baadaye tunateremka vilima vya Hocking Hills, mvua inanyesha, watoto wamelala kiti cha nyuma, shemeji akaniuliza, "Shemeji, mbona trela inatusukuma?" Na kweli ilikuwa inatusukuma. Tulipofika chini salama, nikaingia uvunguni na tochi. Waya wa buluu wa kontrola, ule unaopeleka umeme kwenye breki za trela, ulikuwa umeungwa kwa vile vibano vya plastiki vinavyotoboa ganda. Maji yalikuwa yameingia, shaba imegeuka kijani, nikiigusa inapukutika kama unga. Nikang'oa kila kitu nikafunga upya kwa mkono wangu.

Kontrola ina nyaya nne: mwekundu, mweusi, mweupe na wa buluu. Anza na waya mwekundu, betri ikiwa bado imefungwa. Huo unakwenda kwenye swichi iliyo juu ya pedali ya breki, na swichi ina nyaya kadhaa. Unaoutaka ni ule unaopata umeme pale tu unapokanyaga. Weka mita ya umeme kwenye volti, ncha nyeusi kwenye chuma kitupu, ncha nyekundu kwenye waya mmoja mmoja, na mwenzako akanyage na kuachia. Unaosoma 0, kisha 12 akikanyaga, kisha 0 tena, ndio wenyewe. Ukikosea ukachukua wenye umeme wakati wote, breki za trela zinaweza kukamata bila kuachia mpaka ziungue. Mimi nilirudia kipimo hiki mara tatu na sijutii muda huo.

Sasa fungua terminali hasi ya betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kuendelea chini ya dashibodi. Nyaya zenye ganda la manjano ni za mifuko ya hewa; usizipime wala usizivute.

Waya mweusi unatoka chanya ya betri, na karibu kabisa na betri unapita kwenye sakitibreka (kifaa kinachokata umeme ukizidi) ya ampea 20, inayotosha trela ya ekseli moja au mbili. Mweupe nenda nao mpaka hasi ya betri. Boliti yenye kutu ndani ya dashibodi haifai. Pitisha nyaya kwenye tundu lenye raba katika ukuta wa injini, maana ukali wa bati unakata ganda polepole bila wewe kujua.

Wa buluu ndio unaobeba breki zenyewe mpaka nyuma. Sumaku moja inakula kama ampea 3, kwa hiyo mbili ni 6, na wengi huona waya mwembamba unatosha. Lakini njia ni ndefu, na waya mwembamba unapoteza volti kabla ya kufika. Weka mnene zaidi, namba 12 ya kipimo cha AWG. Uvishe bomba la plastiki, ufunge kwenye fremu kila baada ya shubiri mbili, mbali na egzosi na mabomba ya mafuta. Viungio bana kwa koleo lake, kisha vika mpira unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Soketi yangu ilikuwa ya pini nne, ambayo ni ya taa tu. Nikaweka ya pini saba.

Rudisha betri, unga trela, bonyeza wenzo wa mkono wa kontrola, unaokamata breki za trela peke yake. Ukisogeza dira ndogo karibu na gurudumu la trela, mshale utaruka sumaku inapopata umeme. Jaribu magurudumu yote mawili.

Kilichobaki ni kupima nguvu. Tafuta uwanja mkavu usio na watu, endesha maili 25 kwa saa, bonyeza wenzo peke yake bila kukanyaga pedali. Ongeza nguvu kwenye kontrola kidogo kidogo mpaka magurudumu ya trela yaburure, kisha punguza kidogo yaache kuburura. Hapo ndipo pako. Siku ukijaza tangi la maji la trela uzito umebadilika, kwa hiyo pima upya kabla ya kushika barabara kuu.