Kulitazama bango la Kisovieti kwa jicho la mchapaji

Mimi huchapa fulana kwa skrini, na kila rangi inadai fremu yake. Kwa hiyo mbele ya bango la Kisovieti la miaka ya mwanzo, swali langu la kwanza ni: rangi ngapi? Anza hapo na wewe. Maneno yasubiri, hata kama unajua Kirusi.

Chukua bango la mchoraji Dmitry Moor la 1920 linalouliza kama umejiandikisha jeshini kwa hiari. Nyekundu na nyeusi, basi. Nyeupe ni karatasi iliyoachwa wazi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Urusi vilikuwa vimeadimisha wino na karatasi, na Moor akaugeuza uhaba huo kuwa nguvu: askari mwekundu anakunyooshea kidole, viwanda viko nyuma yake.

Kisha punguza picha kwenye simu hadi iwe ndogo kama stempu. Bango la msanii El Lissitzky la kabari nyekundu (1919) halipotei: pembetatu ya Wekundu, yaani Wabolsheviki, imechoma duara jeupe la Weupe, wapinzani wao, na ugomvi umeeleweka. Sasa tafuta mshazari. Hata maneno yameinamishwa ili jicho lisitulie.

Bango ninalolirudia zaidi ni jingine la Moor, "Saidia", la 1921, wakati wa njaa ya eneo la mto Volga, Urusi. Mandhari nyeusi tii. Mzee mkulima, mifupa mitupu, ameinua mikono. Pembeni kuna bua jembamba la nafaka. Neno ni moja tu. Ziba neno hilo kwa kidole: mikono bado inaomba. Angalia jinsi nyeusi ilivyoachwa tupu. Mteja wangu yeyote angetaka nijaze nafasi ile kwa namba ya simu. Na usisahau kwamba serikali iliyokuwa ikitoa mabango ndiyo iliyokuwa imewanyang'anya wakulima nafaka, jambo lililoizidisha njaa ile. Sifia mkono wa mchoraji bila kumeza kila alichotumwa kusema.

Ukizoea michoro, nenda kwenye picha za kamera. Katika tangazo la vitabu la msanii Aleksandr Rodchenko la 1924, mwanamke aitwaye Lilya Brik anapaza sauti, na neno "vitabu" linatoka kinywani likipanuka kama pembe ya kipaza sauti. Lichore upya kwa penseli, maumbo tu, bila uso. Utashangaa ni pembetatu na duara zile zile.